Sukari Juu ya Mkorogo

Nilisikia kabla sijaona. Ilikuwa sauti fupi na kavu, kama ya mtu anayechana doti mpya ya kanga katikati, kisha kimya, kisha mwanamke akicheka na kuguna kwa pamoja, "Mawe weee! Umenitoa roho, mtoto wa watu!" Nilikuwa nimesimama nje ya saluni ya Madamu Konso pale Gungu, Kigoma, ndala mkononi kwa sababu ya tope, nimekuja kuomba kazi. Mlango ulikuwa wa bati, umefungwa springi nzito ili ujifunge wenyewe na vumbi la barabara lisiingie. Kabla sijabisha, redio ilipandishwa sauti, wimbo ukajaa mpaka uani. Baadaye nilikuja kujua kwamba redio ile ilikuwa na kazi yake. Ilipandishwa kila kitambaa kilipokaribia kuvutwa, ili wanawake wa chumba cha mbele, wenye rola kichwani na magazeti mapajani, wasisikie yanayotendeka chumba cha nyuma. Nilifanya kazi mle mwaka mmoja, mwaka niliomaliza kidato cha nne, na kama kuna kitu mwaka ule ulinifundisha, ni kuogopa muziki unaopandishwa ghafla.

Nisingeyaandika haya lau mwezi uliopita wasingemtuza Madamu Konso. Ukumbi ulikuwa mjini, si mbali na stesheni, umetandazwa vitambaa vya rangi ya dhahabu. Yeye ni mzee sasa, mguu mmoja umevimba; walimkalisha kwenye kiti chenye mapambo kama cha bibi harusi. Mshereheshaji akashika maiki: "Akina mama! Huyu ndiye aliyeng'arisha ndoa za mji huu! Nani hapa hakupita mikononi mwake? Vigelegele tafadhali!" Vikapigwa. Sikupiga. Nilitazama mikono yake iliyokuwa ikipunga, vifundo vya vidole vyeusi kama makaa kwenye mkono wa rangi ya chungwa lililokaa sana juani, nikainuka kwenda kupakua pilau. Ndipo mtu akanigusa bega kwenye foleni ya chakula. Mayasa. Amenenepa vizuri, mweusi wa kung'aa, ana kicheko kilekile cha puani. Hakunisalimu hata. Alinyanyua pindo la gauni kidogo, akasema, "Umeiona ramani yangu? Bado ipo." Kwenye muundi wake wa kushoto lilikuwapo bara zima, lenye rasi na visiwa vyake, waridi mahali na kahawia mahali. Nikamwuliza, "Na wewe umekuja kumpigia vigelegele?" Akasema, "Nimekuja kula. Pilau yao haina kosa." Tukacheka mpaka mama wa mbele yetu akageuka. Mayasa alikwenda kukaa na sahani yake, ametulia kama mtu aliyekwisha kusema lake zamani. Mimi nilirudi nyumbani na hasira ambayo haijalala mpaka leo.

Naomba nieleweke. Sina ugomvi na urembo. Chumba kile cha nyuma nilikipenda kabla ya kukichukia. Kilitengwa kwa pazia la kitenge, kina kitanda cha mbao, godoro lililovishwa plastiki, jiko la mkaa pembeni, na dirisha dogo lililoonyesha kipande cha ziwa, chembamba kama utepe. Madamu alinifundisha kupika nta ya sukari: sukari, maji, ndimu, moto mdogo, unakoroga mpaka iwe rangi ya asali ya misitu ya Kasulu, unadondosha tone kwenye ngozi yako wewe kwanza. Unapaka kufuata nywele zinakolalia, unabandika kitambaa cha shuka kuukuu, unavuta kinyume kwa pumzi moja, kisha unagandamiza kiganja papo hapo ili maumivu yasipate pa kukimbilia. Mwishoni mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kokwa za michikichi, yenye harufu ya moshi na ya utoto, maana hakuna mtoto wa Kigoma ambaye hakupakwa. Wanawake waliingia wamechoka na wakatoka wanatembea kwa namna nyingine. Wauguzi, walimu, wake za mashehe, mabinti wa Kikongo wa huku ufukweni waliotufundisha kusuka mitindo mipya kila wiki. Walilala juu ya plastiki ile, wakafumba macho, wakazungumza. Mimi nilikuwa wa kukoroga na kunyamaza, na mtu anayekoroga huwa haonekani. Ndiyo maana nilisikia mengi.

"Mwanangu kapata mchumba mwenye kazi benki," mama mmoja alisema, uso umefunikwa taulo la mvuke. "Na watu wa benki unawajua."

"Wanataka mwanga?" akauliza Madamu.

"Mwanga? Wanataka taa!"

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Ilinichukua muda kuona kwamba vichekesho vyote vya chumba kile vilielekea upande mmoja. Hakuna aliyewahi kutaniwa kwa kuwa mweupe mno. Ukutani mbele zilibandikwa picha za wanawake wa magazetini, nao jua la dirishani lilikuwa limewapausha zaidi, mpaka wengine walibaki midomo na nyusi tu, na bado wateja waliwanyooshea kidole: "Nataka nifike pale." Nani atafika pale, mahali ambapo hata karatasi imekwisha kufa? Madamu alikuwa na msemo wake, aliutoa akisugua migongo ya watu kwa singo ya liwa na karafuu: "Weusi ni umaskini wa ngozi." Aliusema kwa upole, kama anayempa mtu pole. Kisha alikuwa akifungua bakuli la plastiki la bluu, lenye mkorogo wake mwenyewe, krimu kadhaa zilizochanganywa na maji ya kwenye chupa isiyo na karatasi, lenye harufu ya sarafu iliyoshikwa na jasho. Hakuuita mkorogo. Aliuita mng'aro.

Mayasa aliletwa mwanzoni mwa masika. Aliletwa, nasema, hakuja. Aliyemleta alikuwa Bi Zuhura wa Ujiji, shangazi wa mwanamume aliyemposa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Nyuma yao aliingia kijana mwenyewe, Idi, akabeba mkoba wa shangazi yake mpaka kwenye benchi, akamtupia Mayasa jicho la kumtania, akatoka kwenda kukaa kwenye pikipiki yake. Nilimwona Mayasa akilizuia tabasamu kwa meno. Walipendana, hilo lisiwe na shaka. Walijuana Kibirizi, ambako Mayasa alianika dagaa na Idi alikuja kununua kwa ajili ya duka la kwao.

"Shikamoo, Bi Zuhura," Madamu alisema.

"Marahaba, Konso. Nimekuletea kazi." Akamsogeza Mayasa mbele kwa vidole viwili. "Ndiye mwari wetu. Umbo analo, adabu anayo. Lakini mtazame rangi. Kashinda ufukweni na dagaa tangu utotoni, jua limemla lote."

Madamu alimshika kidevu, akakigeuza huku na huku kuelekea dirishani. "Atang'aa. Ila ana nywele za malaika nyingi mwilini, tazama mkono huu, tazama miguu."

"Ondoa. Nikija kumtazama nataka mkono wangu uteleze."

"Idi alinipenda hivi hivi, Shangazi," Mayasa akasema, bila ujeuri, kama anayewakumbusha kitu walichosahau mezani.

"Idi ana macho ya ujana, mwanangu. Sisi ndio tutakaokaa na wewe."

Kwa ukoo ule, mwari akikaribia kuolewa, shangazi wa mume huja kumtazama. Hupitisha kiganja toka begani mpaka kwenye vidole, toka gotini mpaka kwenye kisigino, na akiridhika hutoa kanga na kumvisha mwanamke aliyemwandaa. Siku ya harusi waimbaji humtaja mwanamke huyo kwa jina, na wenye mabinti husikia. Kwa Madamu jina hilo lilikuwa biashara ya mwaka mzima. Ila Bi Zuhura naye, hili nililijua baadaye, alitaka jina liwe lake. Alitaka isemwe Ujiji nzima kwamba msichana mweusi wa Kibirizi aling'arishwa na ukweni.

Nililijua kwa kinywa cha Mayasa mwenyewe, uani, tukila mchana. Nakumbuka chakula kile kuliko mitihani yangu yote: ugali wa muhogo, sombe la kisamvu lililopikwa kwa mawese mpaka mafuta yanaelea mekundu pembeni, na mgebuka mmoja wa kukaanga tuliougawana, yeye akichukua kichwa kwa kudai kwamba watu wa ufukweni ndio wanaojua kukila. Wakati huo alikuwa amekwisha kuja mara kadhaa. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, shingo bado ya kahawa. Alikula akiwa amejisogeza mbali na jiko.

"Joto linanichoma siku hizi," alisema. "Hata maji ya kuoga."

"Ni ule mng'aro wa Madamu?"

Akatazama pazia, akashusha sauti. "Na wa sandukuni. Ukweni walipoleta sanduku langu, vitenge vizuri, Neema, viatu, mpaka wanja. Chini kabisa mkebe. Shangazi kaniambia nipake kila nikitoka kuoga, nisiseme huku saluni, wasije kujisifu kwamba ni kazi yao."

"Na Madamu hajakuuliza unapaka nini nyumbani?"

"Hata mara moja." Akalamba mawese kwenye kidole. "Wanagombea ngozi yangu kama samaki wa mwisho sokoni. Mimi nangoja tu mmoja ashinde nikaolewe."

Nilimwambia Madamu jioni ileile, tukifagia nywele. Nilidhani nampa habari. Akaendelea kufagia. "Najua," alisema. "Nasikia harufu yake kila akivua kanga. Mwache apake. Kazi itakwenda haraka, na sifa zitakuja huku." Kisha akaniambia nisisahau kufunika sukari, isiingiwe na sisimizi. Nimeyapima maneno hayo miaka yote hii, nikiyatafutia udhuru. Angekuwa hajui, ningemsamehe. Ujinga ni wa wote, hata mimi sikujua kiasi cha madhara. Lakini alijua kuna sumu mbili juu ya mwili mmoja, akaona faida.

Siku ya kutazamwa mvua ilinyesha tangu asubuhi, umeme ukakatika, jenereta ya jirani ikawa inanguruma. Mayasa alilala juu ya plastiki. Nilipomshika mguu kuufuta nilihisi ngozi ikitembea chini ya vidole vyangu, nyembamba, ina mng'aro wa ganda la ndani la kitunguu. Nikamgeukia Madamu.

"Madamu, sukari tuiache leo. Ngozi imelainika mno. Ona."

"Bi Zuhura anakuja alasiri hii."

"Tumwambie aje wiki ijayo. Tumpake mise tu, apumzike."

"Neema, nimekuajiri ukoroge. Koroga."

"Mimi sitabandika," nikasema.

"Nani kakuomba?" Akachukua mwiko mkononi mwangu, akapaka yeye mwenyewe muundi wa kushoto, mkono wake mwepesi, mzuri, mkono wa mtu anayejua kazi. Akabandika kitambaa. Akainua kidole kuelekea mbele, na msichana aliyefunga wateja rola akapandisha redio, ambayo siku hiyo iliendeshwa kwa betri. Madamu akavuta.

Haikuwa sauti ninayoijua. Ilikuwa laini, yenye maji. Mayasa hakupiga kelele. Alijiinua kwa viwiko, akatazama mguu wake, ambao toka chini ya goti ulikuwa mwekundu na unametameta kama samaki aliyeparwa, akatazama kitambaa mkononi mwa Madamu, ambacho kilibeba kisichokuwa nywele. "Neema," alisema polepole, "nimekuwaje?" Redio iliimba juu ya mapenzi. Madamu aliniambia nilete poda. Sikuleta. Nilileta ndoo ya maji safi na bakuli, nikamwagia mguu ule taratibu, na Mayasa akaushika ukingo wa kitanda mpaka mbao ikalia.

Bi Zuhura alifika katikati ya hayo, mwavuli unachuruzika, kanga ya kutuza imekunjwa kwapani. Alitazama. Akaketi kwenye kigoda.

"Konso. Nilikuachia mwari, umenipa mbuzi aliyechunwa."

"Si mimi. Ngozi yake ndiyo nyepesi. Watu wa dagaa ndivyo walivyo, wamekaa na chumvi."

"Ziwa letu halina chumvi, Madamu," Mayasa akasema.

Hakuna aliyemsikia, au walisikia kama wanavyosikia mlango ukilia. "Na wewe," Madamu aliendelea, "ulimpa nini huko nyumbani? Unadhani sina pua?"

"Kwa hiyo ulijua ukanyamaza?"

"Nilijua. Na wewe ulijua nampaka changu, ukanyamaza."

Nikangoja. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba watu wawili wakikamatana hivyo, ukweli lazima udondoke sakafuni kati yao na mtu auokote. Walitazamana, wanawake wawili wazima, na nikaona nyuso zao zikilegea, zikielewana. Bi Zuhura ndiye aliyeanza. "Haya. Yasitoke nje."

"Yatoke kwa nani? Tutasema kaunguzwa na chai."

"Harusi tuisogeze mbele kidogo."

"Sogeza. Tena usihuzunike, Bi Zuhura. Ikibanduka yote, ya chini hutoka safi zaidi."

"Kweli, nimewahi kuona. Ya chini huwa nyeupe."

"Nyeupe pee."

Nisomeeni tena sentensi hizo, mliompigia vigelegele. Mguu wa binti ulikuwa uchi mbele yao, unachuruzika maji yangu na damu yake, nao wakauona kama ardhi iliyolimwa vizuri. Hakuna aliyesema hospitali. Hakuna aliyesema pole. Ugomvi wao ulikwisha juu ya mwili wake, wakawa marafiki, na Bi Zuhura akaiweka kanga ya kutuza pembeni ya kitanda, kama mtu anayeacha akiba kwa siku nyingine.

"Idi yuko nje?" Mayasa akauliza.

"Yuko kibarazani, anajikinga mvua," Bi Zuhura akajibu. "Mwache, haya si ya wanaume."

"Idi!" akaita. Aliita kwa sauti ya ufukweni, ile inayofika kwenye mitumbwi. Nyayo zikaja. Zikasimama upande wa pili wa pazia, na chini ya kitenge tuliona viatu vyake, vipya, vya kahawia, vyenye tope pembeni.

"Naam, Mayasa."

"Ulijua walichokuwa wananipaka?"

Jenereta ilinguruma. "Shangazi alisema watakusafisha kidogo tu."

"Nilikuwa mchafu?"

"Mayasa, watu wapo hapa mbele..."

"Nakuuliza wewe. Ulinikuta Kibirizi, ukanunua dagaa, ukarudi kesho yake hata dagaa wa jana hujamaliza. Nilikuwa mchafu?"

Viatu vile vilisogea, kimoja kikapanda juu ya kingine, vikatulia. Nilivitazama nikiviombea. Neno moja tu lilitakiwa, dogo kuliko yote katika lugha yetu, na angeweza kulisema bila hata kufungua pazia. Hakulisema. Akasema, "Shangazi ndiye anayejua mambo haya."

Mayasa alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji na kuona imetimia. Akashusha miguu sakafuni. Nilimpa bega, akaliegemea kidogo, akaliachia. Nilimwambia nitamsindikiza mpaka zahanati. Akasema nimfuate na ndala zake, yeye atatangulia. Bi Zuhura alimtupia kanga ile ya kutuza. "Jifunge basi, mwanangu, ufunike hiyo miguu. Kumejaa watu." Mayasa aliikunja vizuri, pembe kwa pembe, akairudisha kwenye magoti ya Bi Zuhura. Gauni lake lilikuwa limepandishwa mpaka juu ya magoti kwa ajili ya kazi, hakulishusha. Akafungua pazia.

Idi alimpisha. Chumba cha mbele kilijaa, wanawake waliozuiwa na mvua wamebanana kwenye mabenchi, rola, taulo, nyuso zilizopakwa mng'aro na kuachwa zikauke. Alipita katikati yao bila haraka, mguu wa kushoto wazi, wakautazama wote. Yule mama mwenye mkwe wa benki aliinua mkono, akajigusa shavu, akautazama ute mweupe kwenye vidole vyake. "Mwiteni arudi," Bi Zuhura alisema nyuma yangu, "mvua ile." Hakuna aliyemwita. Nilizishika ndala za Mayasa, nikanyoosha mkono mwingine juu ya rafu, nikaizima redio, ili kila mtu mle ndani asikie mlango ule wa bati ukivutwa na springi yake na kujifunga nyuma ya Mayasa.